Nazi Moja Mbele ya Wifi

Sikuvunjika mfupa, sikutoka damu. Hilo ndilo kosa langu. Gari tulilopanda kutoka Muheza lilisimama kupisha ng'ombe, likagongwa kwa nyuma na gari la machungwa. Kichwa kikaenda mbele kikarudi nyuma kama cha kuku aliyekamatwa vibaya. Hospitali wakapiga picha: mfupa mzima, nyama za shingo ndizo zimevutika, nivumilie. Mwaka wa pili huu navumilia. Kuinama siwezi. Kugeuka nageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakuniamini tangu siku ya kwanza. "Mgonjwa gani huyu, sahani ya wali anaimaliza?" Nikimpita njiani bila kugeuza shingo, eti naringa. Nimringie yeye, ana nini?

Ikaja harusi ya mjukuu wangu. Katika nyumba hii jiko la shughuli nasimamia mimi, na wali wangu wa nazi watu wanaufuata kutoka Tongoni. Wifi alikuwa anaimezea mate nafasi hiyo miaka. Asubuhi, wanawake wote wamekaa, akaleta mbuzi ya kukunia nazi akaibwaga miguuni pangu.

"Haya wifi, kuna. Shingo ikikataa, mwiko nipe mimi."

Wengine wakacheka. Nikakaa.

Mkunaji huinama, macho kwenye meno ya mbuzi. Mimi nikanyoosha mgongo, nikamkazia macho yeye. Mikono inaijua kazi, nimekuna tangu sijavunja ungo. Nikazungusha nazi mpaka nikasikia meno yanagusa kifuu, chini sijatazama hata mara moja. Moto ulinipanda kutoka begani hadi nyuma ya sikio. Uso sikuukunja.

Akapiga makofi. "Jamani, kumbe kapona! Muda wote huu anatudanganya!"

Hapo nikajua amenipata. Nisingekuna, angechukua mwiko. Nimekuna, nimekuwa mwongo.

"Mwiko ninao mimi," nikamwambia. "Wewe kaoshe masinia." Akaenda, huku anasonya.

Wali ulitoka punje punje, wageni wakagombania ukoko.

Kesho yake kichwa hakikuinuka kitandani. Wifi akaja kufuata sufuria lake, akanikuta nimejifunga kanga shingoni.

"Uchovu wa harusi, wifi?"

"Uchovu," nikamjibu, natazama dari. Maumivu yangu simpi tena ayachezee.