Aibu ya Nyuma ya Ghala

Wenzangu mliokwenda shule miguu mitupu, Uhuru ukiwa bado mchanga, nyinyi mtanielewa nikisema kwamba msichana wa siku zetu alinyonyeshwa aibu pamoja na maziwa. Ukicheka kwa sauti, aibu. Ukimtazama mgeni machoni, aibu. Ukipita mbele ya wazee bila kuinama kidogo, hapo aibu ilikuwa ya ukoo mzima. Mama alikuwa na maneno yale yale ya kunilea: "Akinyi, funga mdomo. Watu watasema sisi ni watu wa namna gani?" Nami niliufunga, mpaka mwalimu wetu akadhani nina shida ya masikio.

Lakini tusidanganyane, raha tuliiona. Boma letu lilikuwa juu kidogo ya Luanda Kotieno, kando ya Ziwa Viktoria, na harufu ya omena, dagaa wetu wa ziwani, zilizoanikwa iliingia mpaka kwenye blanketi. Tulicheza kati, mmoja akikwepa katikati mpira wa matambara tuliomrushia. Tulioga ziwani, wasichana upande wao na wavulana upande wao, tukisugua visigino kwa mawe. Mchana tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe tuliyobeba kwenye mkebe, yamepoa na bado ni matamu. Leo wajukuu wangu nikiwapakulia nyoyo wanauliza sosi iko wapi.

Jioni nilikuwa na kazi moja niliyoipenda kuliko zote. Babu, mzaa baba, macho yake yalikuwa yamefifia, na shule hakuwahi kuiona ndani. Alinikalisha kwenye kigoda karibu naye nimsomee Biblia ya Kijaluo kwa mwanga wa koroboi. Mbele yake tu ndipo sauti yangu ilipotoka. Nikitamka neno vibaya aliniacha niendelee. Nikiruka mstari ili tumalize haraka, aligonga fimbo chini, sijui alijuaje. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu ndiye macho yangu."

Mama alikuwa kimya kuliko mimi. Baba alifanya kazi bandarini Kisumu na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo mambo ya boma yaliamuliwa na kaka yake, baba mkubwa Odongo. Wanaume wakiketi kuzungumza, mama alibaki jikoni, mlango wazi kidogo. Akiulizwa jambo alijibu "Ndiyo" huko huko kwenye moshi.

Ndivyo alivyojibu siku ile, nikiwa darasa la saba. Binti wa baba mkubwa, aliyeolewa Awasi, alikuwa amejifungua mapacha, na ikaamuliwa niache shule niende nikamlelee. Baba alikuwa amekwisha kukubali. "Jina lake anajua kuandika," baba mkubwa alisema. "Msichana anataka nini tena?" Nikasikia ile ndiyo ya mama, ndogo sana, halafu nikamsikia akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Nilimwonea aibu, nikajionea aibu na mimi. Tulikuwa wawili na hatukuwa na mdomo hata mmoja wa kuazimana.

Kabla sijapelekwa, babu akafariki.

Mnakumbuka matanga ya kwetu yalivyokuwa. Mwanamke aliyeolewa hakusema kitu mbele ya wakwe zake, ila mahali pamoja tu, kwenye kilio. Hapo aliingia bomani mbio, mikono kichwani, akipiga nduru na kumwita marehemu kwa majina yake ya sifa. Na lolote alilomwambia marehemu, hakuna mwanamume aliyemkatiza. Hata wazee wakali walikunja mikono wakasikiliza. Kuna wanawake waliotoa siku hiyo maneno waliyoyameza mwaka mzima.

Mwalimu alikuwa ametuleta darasa zima kuimba. Tumesimama kwa mistari, sketi zimepigwa pasi ya makaa, ndipo wanawake wa kwao mama walipofika langoni, naye akatoka kuwapokea. Walipoingia mbio, mama ndiye aliyekuwa mbele, leso imemwanguka kichwani. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwake.

"Baba yangu, ulisema mtoto huyu ni macho yako! Macho yako sasa yanapelekwa Awasi yakafue nepi! Amka uwaambie mwenyewe, baba! Mimi nimeolewa tu hapa, mimi nitawaambiaje? Nani atakusomea? Akinyi wangu! Akinyi!"

Darasa zima likageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitoka mstarini mbio nikajificha nyuma ya ghala la babu, nikajifunika uso kwa sketi, nikakaa pale katika harufu ya kuku na mtama wa zamani mpaka watu walipoanza kutawanyika. Nilikuwa nimemtamani mama mwenye mdomo. Sasa nimempata, nikaomba arudi kuwa bubu.

Siku chache baada ya maziko, baba mkubwa aliniita. Wazee walikuwa wameketi kivulini kando ya nyumba ya babu, kaburi likiwa hatua chache tu kutoka kwao, udongo bado mbichi.

"Mama yako ametulilia vizuri sana," alisema, na mmoja akacheka chini kwa chini. "Sasa hiyo maneno ni yake ama ni yako? Kama unataka shule, sema hapa. Hatuna siku mzima."

Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni. Alinitazama tu, yake alikuwa amekwisha kuyasema. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Ulimi ulikauka ukashikana na kaakaa.

"Mnaona? Hana shida," mzee mwingine akasema. Baba mkubwa akashika fimbo yake ainuke.

Hapo nikawapa mgongo wazee, jambo ambalo kwa kawaida lingeniletea kiboko. Niligeukia kaburi.

"Babu," nikasema, "nataka kurudi shule. Sijamaliza kukusomea."

Mgongo ulinichoma kwa macho yao. Kisha baba mkubwa akakohoa. "Mimi siwezi kubishana na mzee wangu," akasema. "Aende."

Nikaenda. Awasi akapelekwa binamu yangu Atieno, ambaye mama yake hakulia kwa maneno. Kanisani hakuketi nami tena, na mpaka leo nikipita Awasi ninainamisha uso.

Nilikuwa mwalimu, nimestaafu. Huitwa mashuleni kuwaambia wasichana wajiamini, nami huwaambia wainue kichwa, huku mimi mwenyewe nikitazama sakafu. Watoto wa siku hizi hawajui ugonjwa huo. Mjukuu wangu Shantel husimama mbele ya simu yake kila asubuhi, akiwaeleza watu asiowajua namna anavyopiga mswaki.

Mama alipofariki tulimzika kwenye boma lile lile, kando ya babu. Siku hizi matanga yana mahema, spika na ratiba iliyochapishwa. Hakuna aliyeingia mbio langoni. Mshereheshaji alinipa maikrofoni akaninong'oneza, "Mwalimu, kwa ufupi tu." Nilikuwa nimeandika hotuba nzuri ya kuwashukuru wageni. Nikawatazama wale watu wote, ulimi ukakauka kama zamani. Nikawapa mgongo, nikageukia jeneza, na nduru ikanitoka ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia mama kwamba mdomo huu ni wake, alinipa siku ile, na kwamba mimi nilikwenda kujificha.

Shantel hakuwepo nilipomaliza. Nilimkuta nyuma ya hema la chakula, pale pale lilipokuwa ghala la babu, amejifunika uso kwa sweta.

"Dani," aliniambia, maana nyanya kwetu ni dani, "umetuchomea picha kabisa, ni aibu tupu. Watu wamerekodi."

Sikumkaripia. Enzi zetu tulikosa pa kusemea tukasemea makaburini, na hawa wanaosema kutwa wanaona haya kulia mbele ya watu. Ningemweleza, lakini sauti ilikuwa imeniishia. Niliketi kwenye nyasi kando yake, tukaona aibu pamoja.