Mzazi Mmoja wa Darasa la Sita

Kosa langu nililipigia mstari kwa rula, tena kwa kalamu nyekundu, ili hata aliyekaa nyuma alione.

Kamati ya shule kijijini kwetu ilinipa kazi ya kujumlisha majibu ya dodoso la wazazi kwa sababu mbili: nina cheti cha kidato cha nne, na nakutwa nyumbani saa yoyote. Mtu anayeiwaza safari ya Kibiti mjini wiki nzima kisha akaiahirisha, huyo hapotei na makaratasi ya watu. Swali lilikuwa moja: kwa nini mtoto wako hukosa vipindi? Kila mzazi alijibu bila kuandika jina, akijaza tu darasa la mtoto, kitongoji na alikotoka, na mwalimu mkuu aliahidi kwamba hatajulikana mtu.

Wengi walitaja dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani, wanakohamia na watoto kulinda mpunga usiliwe na ndege. Hayo yangetosha. Lakini mimi nilitaka jedwali la kisomi. Nikachora safu ya darasa, safu ya kitongoji, na safu ya mahali familia ilikotoka. Kwenye kisanduku cha darasa la sita, kitongoji chetu, waliohamia kutoka Maparoni, ikaingia namba moja. Chini yake nikanukuu jibu neno kwa neno: "Mwanangu anachota maji kwa mwalimu wa darasa wakati wenzake wanasoma."

Nikalibandika jedwali ukutani shuleni, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu.

Siku ya mkutano wa wazazi, baba mmoja alilisoma kwa kidole mpaka chini, akacheka.

"Katibu, huyu mmoja wa Maparoni si jirani yako mnayepakana naye ua?"

"Dodoso ni siri," nikamjibu kwa sauti ya ofisini.

"Siri gani, mama? Hapa umebakiza kutaja rangi ya khanga yake tu."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu wa darasa hakucheka. Jirani yangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Tangu siku ile mtoto wake hakutumwa maji tena. Daftari lake nalo halikusahihishwa tena. Wiki mbili, ukurasa baada ya ukurasa, hakuna hata vema moja. Wino mwekundu wote nilikuwa nimeumaliza mimi.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, mtu wa bara, mpole. Akalibandua jedwali mwenyewe. "Kisanduku chenye watu wachache hivi unakiunganisha na vingine," alisema. "Na jibu la mtu usilinakili, lieleze kwa maneno yako." Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Daftari la mtoto alisema atalikagua yeye kila Ijumaa.

Nikaandika upya, madarasa yote pamoja, vitongoji vyote pamoja: wapo wazazi wanaosema watoto hutumwa kazi wakati wa vipindi. Basi. Nikaipeleka karatasi uani kwa jirani, nikamkuta anapepeta mchele. Nikamsomea. Kisha nikaongeza la kujitetea: "Lakini shoga, hata mara ya kwanza jina lako sikuliandika."

Ungo haukusimama.

"Jina hukuandika, shoga. Umewaleta tu mpaka mlangoni kwangu, ukawapigia na hodi."