Bega la Winchi

Mtaa mzima ulimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na halikuwa jina la kejeli. Homa ya utotoni ilimchukulia miguu, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu Mungu hakumpunja hata kidogo. Alikuwa fundi funguo. Kutwa alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu nje ya duka la vifaa vya ujenzi, tupa mkononi, akichonga na kuwatania wateja: "Umepoteza tena? Siku moja utampoteza na mumeo!"

Hapo ndipo Kocha alipomkuta, alipokuja kuchongesha ufunguo wa jimu yake. Alimtazama kifua, akasahau kilichomleta.

"Ndugu yangu, unapoteza bahati yako hapa. Njoo unyanyue vyuma."

Jimu yenyewe ilikuwa chumba kilicho nyuma ya gereji, na benchi lake limeshonewa turubai. Winchi alilala chali, Kocha akamfunga mapaja kwa mikanda asiteleze. Chuma kikashuka hadi kifuani, kikatulia, kikapanda. Pale juu ya benchi hakuna aliyeuliza habari za miguu, naye akanogewa. Baada ya muda Kocha akaanza kutaja timu ya taifa ya walemavu wanaonyanyua vyuma, na Winchi akawa halali vizuri kwa kuiwaza.

Kocha hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alifundisha kama alivyofundishwa: siku ya kunyanyua, siku ya kupumzika, bila mchezo.

"Leo usiguse chuma," alikuwa akimwambia. "Bega lipumzike."

Winchi alitii. Hakugusa chuma. Alijisukuma tu kupanda mlima wa kwenda kazini, akapiga tupa mpaka jioni, akajisukuma kurudi, akajinyanyua kwenda chooni, akajinyanyua tena kupanda kitandani. Hayo ndiyo yalikuwa mapumziko! Wanaume wawili wenye akili zao timamu, na hakuna hata mmoja aliyeliona. Kocha alitembea kwa miguu, angejuaje? Na Winchi alikuwa amezoea mno kutembezwa na mabega yake, hata hakukuhesabu kuwa kazi.

Bega la kulia likaanza kuuma. Kwanza usiku tu, kisha hata akichana nywele.

"Kawaida hiyo," alisema Kocha. "Misuli inajijenga."

Mkewe hakukubali. "Baba, acha hayo mavyuma. Bega likiondoka, utakwenda na nini?"

"Usinichurie, mama. Nikichaguliwa, na wewe utapanda ndege."

Siku ya mchujo ukumbi ulijaa. Mnyanyuo wa kwanza waamuzi waliukubali, mkewe akapiga kigelegele bila kupenda. Wa pili, chuma kikiwa nusu ya njia, kitu kilikatika begani na Winchi akakisikia kwa masikio yake. Wasaidizi walikidaka chuma. Watu walimpigia makofi ya kumtia moyo, naye akabaki amefungwa mikanda, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. "Kano imechanika, na imekuwa ikichakaa kwa muda mrefu. Bega hili lilihitaji kupumzika."

"Nimelipumzisha sana, daktari. Muulize Kocha."

Daktari alitazama magurudumu, kisha sugu za viganja vyake.

"Umelipumzisha lini, kaka?"

Winchi akavitazama viganja vyake. Kocha, aliyesimama mlangoni, alijishika kichwa. Walielewa kwa pamoja, na kuelewa huko hakukuwa na faida tena. Daktari alisema linaweza kushonwa, ila halitarudi kuwa la kusukuma kiti wala kubeba mwili. La kushoto nalo alilipapasa, akasema limeanza kuchakaa vilevile.

Nyumbani, mkewe alimkumbatia chini ya makwapa ili ampandishe kitandani. Alikuwa mtu wa umbo dogo. Alivuta, akapumua, akavuta tena. Kile kifua ambacho Kocha alikijenga kwa jasho, chote kilikuwa mikononi mwake, kizito, na hakimsaidii. Wakaporomoka wote wawili sakafuni.

Walikaa pale wakihema. Mkewe aliinuka, akaanza kulivuta godoro kulishusha chini.

"Leo tutalala hapa hapa," alisema.

"Na kesho?"

Mkewe aliendelea kuvuta godoro.