Jina Lililolipiwa Kodi

Mama Limpho alifahamiana na mzee Tlali kwa sababu ya mbuzi. Yalikuwa majira ya kukata sufu ya mbuzi, naye alikuwa amepanda na gari lake la mizigo hadi kijiji cha Ha Ramoeketsi, juu kabisa katika milima ya Quthing, ili anunue mbuzi kabla wanunuzi wa mjini hawajafika. Alitaja bei. Mzee akataja yake. Alipotaka kuongeza neno, kikohozi kikamshika, akainama ameegemea ukuta wa zizi mpaka kikamwachia.

"Basi, chukua," alisema alipoinuka.

Mama Limpho alianza maisha kwa kuuza pombe ya mtama kwenye kivuko cha mpakani, na gari lile alilipata kwa kutomwachia mtu hata senti ya bure. Lakini ushindi wa namna ile haukumnogea. Alijiona kama aliyeokota kitu njiani.

"Baba, hicho kifua ni cha migodini?"

"Miaka ishirini na nane."

"Na hujapeleka madai?"

"Madai ya nini tena?"

"Ya vumbi mlilomeza. Wenzako wanapata matibabu, wanapewa mpaka mtungi wa oksijeni nyumbani. Mimi nawapeleka mjini, nawajazia fomu, nasimama nao foleni. Ujira wangu mbuzi wawili, mwanzoni kabisa. Shughuli ikikwama, mbuzi siwarudishi."

Mama Thakane, mke wa mzee, alikuwa anafunga magunia. Akacheka bila kuinua kichwa. "Huyu mama angepewa maiti angeipima kilo."

"Ikiwa nzito, kwa nini nisipime?"

Wakacheka wote watatu, na mbuzi wakapakiwa, wa kununuliwa pamoja na wawili wa ujira. Daktari wa zahanati alikwisha kumwambia mzee kwamba bila oksijeni hatavuka baridi nyingine. Hilo Mama Limpho alilijua tangu kijiji cha chini. Habari za wagonjwa huzikusanya kama anavyokusanya bei.

Mzee akatoa kopo la chai lenye karatasi zake za mgodini. Mama Limpho akazisoma moja moja. Zote ziliandikwa Khoabane.

"Khoabane ni nani?"

"Kaka yangu."

"Yuko wapi?"

Mzee akaelekeza kidevu kwenye rundo la mawe nyuma ya zizi.

Mwaka 1963 Mwingereza alikuwa bado anatawala, na kodi ya kichwa ilikuwa inatafuta wanaume mpaka mapangoni. Asiye na stakabadhi ya kodi hakupewa barua na chifu. Asiye na barua, mwandikishaji wa migodi hakumtazama mara mbili. Tlali alikuwa na miaka kumi na tisa na stakabadhi hana. Khoabane alikuwa nayo, pamoja na cheti cha mkataba wake wa kwanza chini ya ardhi, ila alirudi na homa na baridi ile ikamchukua. Hata kaburi halijakauka, baba yao akamkabidhi Tlali zile karatasi. "Jina hili limelipiwa kodi," alisema. "Usiliache lioze."

Akaenda nalo. Mgodini alipimwa akiwa Khoabane, akatukanwa akiwa Khoabane, akavunjika mguu akiwa Khoabane. Uhuru ulipokuja, karani wa pasipoti alinakili kutoka kwenye karatasi za mgodi, na bendera mpya ikampigia muhuri jina la marehemu. Polisi wa Makaburu waliligongea muhuri jina hilo kila alipovuka mpaka kwenda migodini. Kila mkataba ulipokwisha alirudi kwa Mama Thakane, mke aliyemtolea ng'ombe kwa jina lake mwenyewe, na akawa Tlali mpaka barua ya kuitwa tena.

Miaka ya karibuni vikaja vitambulisho vya alama za vidole. Karani alimuuliza jina, na mzee, ambaye maisha yake yote hakuwa ameulizwa na serikali bila kuwa na karatasi mkononi, akajibu kweli. Kadi ya Tlali ilikaa ndani ya Biblia ya mkewe.

Ofisini, karani wa wilaya aliweka kadi upande huu na karatasi za mgodi upande ule.

"Serikali haina mtu mmoja mwenye majina mawili," alisema. "Ina watu wawili. Mwenye kifua ni Khoabane, mwenye vidole ni Tlali. Mmoja wao lazima awe amekufa."

"Basi afe Tlali," alisema Mama Limpho, kama anayetaja bei.

"Aape nani?"

"Mkewe yupo."

Siku ya kiapo walishuka wote watatu wamebanana mbele ya gari. "Ni maneno tu, mama," Mama Limpho alimwambia Mama Thakane. "Unaapa, unaweka kidole, tunakula nyama sokoni, tunarudi."

"Mimi sijawahi kuapa maneno tu."

"Na hewa ya mzee je?"

Mzee alikuwa anatazama nje ya kioo, mlima ambao ameuona tangu azaliwe.

Mbele ya karani, Mama Thakane aliinua mkono na kusema kwamba mumewe, Tlali, alifariki, na kwamba mzee aliyeketi kwenye benchi ni Khoabane, kaka mkubwa wa marehemu.

"Alifariki lini?"

Akageuka, akamtazama mzee. Mzee akainamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua ncha ya blanketi lake.

"Andika atakavyosema huyu mama," alisema Mama Thakane, akimwonyesha Mama Limpho kwa kidole. "Yeye ndiye mwenye habari za huo msiba."

Mama Limpho akataja mwaka. Nyama sokoni hawakula.

Baada ya wiki tatu Mama Limpho alipanda tena na habari njema: madai yamepokelewa. Mzee alikuwa peke yake juani, na kola ya shati lake ilikuwa chafu. Mlangoni mwa kibanda cha jikoni alitoka Mama Thakane, kichwa amenyoa, amevaa nguo nyeusi ya ujane. Aliweka sahani ya ugali juu ya jiwe, mbali na mzee, akarudi kinyumenyume macho chini, kama mkwe mbele ya baba mkwe. Kwao kaka mkubwa wa mume ni wa kuheshimiwa hivyo. Humketii karibu, wala huingii anapolala.

"Mama, nani kafa?" Mama Limpho aliuliza, ingawa alikwisha kuelewa.

"Tlali."

"Vua hiyo nguo, mama. Kijiji kizima kinacheka."

"Walicheka siku mbili. Sasa wananisalimu kama mjane." Akaketi kizingitini. "Wewe ulitaka niape, nikaapa. Uongo mimi sijui kuuvaa nusu."

Kikohozi kikamshika mzee. Tangu atoke migodini, ni mkono wa mwanamke yule uliokuwa ukimwinua mgongo. Sasa alisimama mlangoni, vidole vimeshika fremu, hasogei. Aliyemwinua ni Mama Limpho, na mikono yake haikujua pa kushika.

Mzee alipopata pumzi, alisema taratibu, "Mara ya kwanza niliacha jina langu nikasema ni kodi. Safari hii nilikaa kwenye benchi, nikamwacha mke wangu anizike ili mimi nipumue. Washa gari."

"Baba, mtungi unakuja. Ukifuta kiapo, hakuna mtungi."

"Nimesikia. Washa gari."

Ofisini, karani aliwaonya kwamba faili likifungwa halifunguliwi, na kiapo cha uongo kina kesi.

"Kesi iandikeni," alisema mzee. "Mshtakiwa anaitwa Tlali."

Karani alimtazama, akamtazama na Mama Limpho. Akagonga muhuri wa kufuta. "Nendeni nyumbani kabla sijasikia vizuri," alisema.

Mama Thakane hajui kusoma. Waliporudi, aliugusa muhuri ule kwenye karatasi kwa kidole gumba, akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la maua. "Baba Thakane," alisema, "ugali unapoa." Wakala kwenye sahani moja.

Mzee alikufa mwezi wa saba, theluji ikiwa mlangoni. Jeneza liliandikwa Tlali. Mama Thakane alikaa kwenye godoro la mjane kama mke, na nguo nyeusi hakununua nyingine.

Mama Limpho alifika mazikoni na wale mbuzi wawili nyuma ya gari. Mama Thakane aliwatazama kupitia dirisha.

"Makubaliano yalikuwa huwarudishi."

"Ndiyo, mama."

"Basi usiwarudishe."

Mama Limpho akateremka nao mlimani. Msimu uliofuata aliwakata sufu pamoja na wengine, ikapata bei nzuri, na bei hiyo hajamtajia mtu. Ha Ramoeketsi siku hizi anamtuma dereva.