Nusu ya Bi Hidaya

Siku Chande aliponunua dagaa kwa Bi Hidaya kwa mara ya kwanza, aliondoka mwaloni Ujiji, mitumbwi inaposhusha samaki, akijipongeza, na alipofika Mwandiga akajua kuwa amepigwa.

Wakati huo Chande alikuwa kijana mwenye baiskeli na mdomo mrefu. Alimkuta yule mama kwenye chanja lake, wavu uliotandikwa juu ya miti ufukweni, anageuza dagaa. Pembeni palikuwa na fungu dogo, jeupe, kavu vizuri, na jingine kubwa limefunikwa turubai.

"Hawa ndio wa kuuza," Bi Hidaya alisema bila kuinua kichwa. "Wale waliofunikwa wana mwenyewe."

Basi hapo ndipo Chande alipowataka wale waliofunikwa. Alibembeleza, akaapa, akapandisha bei kwa mdomo wake mwenyewe, hadi Bi Hidaya akaguna kama mtu anayeng'olewa jino, akalifunua turubai. Mwandiga sokoni Chande aliwamwaga dagaa wa fungu dogo na wa turubai pamoja, akawatazama. Walikuwa dagaa wa mtumbwi mmoja, wa usiku mmoja. Yule mwenyewe wa turubai hakuwahi kuzaliwa.

Hakurudi kugombana. Alirudi kununua tena, na kutazama. Alivyokuja kuwa navyo baadaye, pikapu, ghala, nyumba ya kupangisha Kasingirima yenye vigae na maji ndani, alivipata kwa somo lile moja: mzigo usiufungue wote, mwache mtu akuombe kile ambacho wewe mwenyewe unataka kukiuza.

Bi Hidaya alikuwa mke mkubwa wa Mzee Gharib, mwenye mitumbwi. Mke mdogo aliitwa Mwavita, alitoka ng'ambo, upande wa Kongo, na alipofika nyumba iliwaka moto. Mama yake Gharib, aliyekuwa bibi wa machanja yote ya familia, hakutaka dagaa wake waoze kwa sababu ya wanawake kununiana. Alikuwa na wimbo wa samaki, wa kuimbia kazi. Akaukata katikati. Hidaya akapewa maswali. Mwavita akaitwa chumbani, mlango ukafungwa, akapewa majibu.

Tangu hapo kazi ikaenda hivi: Bi Hidaya anamuuliza samaki, Mwavita anajibu kwa niaba ya samaki. Kuhe, watoto unawalaza wapi upepo ukibadilika? Mgebuka, nani kakuonyesha njia ya dagaa? Kwa swali wanatandaza, kwa jibu wanageuza. Mmoja akikosekana, dagaa wanalala ubavu mmoja na kunuka. Kwa hiyo hata wiki ambazo hawakusalimiana nyumbani, asubuhi chanjani walilazimika kukutana. Mama mkwe akafa, Mzee Gharib akafa, watoto wakatawanyika. Wale wawili wakabaki katika nyumba moja yenye milango miwili, wajane wanaoulizana habari za samaki.

Chande aliusikia wimbo ule nusu ya umri wake na hakuusikiliza hata siku moja. Alichojua ni kwamba wimbo ukikatika, dagaa wanaanza kuingia kwenye magunia, na ni wakati wa kwenda kupatana bei.

Kisha wakaja watafiti, wawili, kutoka chuo kikuu cha mbali. Diana alikuwa mtu wa muziki, anakusanya nyimbo za kazi. Wilfred alikuwa mtu wa viumbe vya majini. Walipanga nyumba ya Chande, na jioni barazani walibishana juu ya wimbo mmoja kama watu wanaogombea urithi.

"Ni muziki," alisema Diana. "Sikiliza wanavyopokezana."

"Muziki wako unaniambia kuhe anahamishia watoto wapi," alisema Wilfred. "Mimi nimekaa na nyavu miaka na sijui."

Mwisho wakakubaliana kuwa ni wa wote wawili. Chande, aliyekuwa anafunga koki ya maji pale nje, akasikia na jambo la pili: wakishaurekodi, wanahamia Ziwa Nyasa. Nyumba itabaki tupu.

Asubuhi yake alikuwa chanjani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Leo umewahi, dagaa bado wabichi."

"Sikufuata dagaa. Wageni wangu wanautaka wimbo wenu."

"Wauchukue. Upo hewani kila asubuhi, nani kaufungia?"

"Wakiuchukua wote wanaondoka, hamtawaona tena. Wapeni nusu."

Bi Hidaya akaacha kugeuza. "Nusu ipi?"

"Yako. Mwenzio koo linamuuma kidogo. Mwakani watarudi kufuata nusu ya pili, na hawatarudi mikono mitupu. Si mnataka bati juu ya chanja, mvua isiwaozeshee mali?"

Kutoka upande wa pili wa wavu, Mwavita akapaza sauti. "Weye Chande! Umeuza dagaa, umeuza viwanja, sasa wauza na kikohozi changu?"

"Sikiuzi, mama. Nakikodisha."

Walicheka wote watatu. Bi Hidaya alimtazama Chande, na usoni mwake kulikuwa na ile furaha ya fundi anayeona kazi yake mkononi mwa mwanafunzi.

"Turubai langu hilo," alisema.

"Umenifundisha mwenyewe."

Ikawa hivyo. Diana alikuja na vifaa vyake, akavaa visikilizio, akainua kidole. Bi Hidaya akauliza swali la kwanza. Mwavita alikuwa hapo hapo, mdomo kaufunga, mkono unageuza dagaa kama kawaida. Na Bi Hidaya hakuweza kuyafululiza maswali. Aliuliza, akanyamaza mpaka jibu lile ambalo halikusemwa lilipokwisha, ndipo akauliza tena. Katikati yalisikika mawimbi na kunguru.

"Bibi, mbona mwenzako hajibu?" Diana aliuliza.

"Koo, mwanangu. Vumbi la kiangazi."

Wilfred alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, amejishika kichwa. "Maswali ninayo mengi ya kwangu," alisema. "Mimi nilifuata majibu."

"Mwakani," Chande alisema, tena kwa upole. "Koo litapona. Na mkija, bibi hawa wana shida ya bati."

Diana akaahidi. Aliondoka ameshaomba nyumba ile ile kwa kiangazi kinachofuata, na Chande akalala usingizi wa mtu aliyefunga biashara vizuri.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mwavita alianguka chanjani, nusu ya mwili juu ya wavu. Kiharusi. Hospitali walifanya walichoweza. Alirudi nyumbani anatembea kwa kuegemea ukuta, mkono wa kulia umelala, na ulimi haumtii. Akili ilikuwa yote. Ukimsimulia kichekesho macho yanacheka. Neno halitoki.

Chande hakumwandikia Diana. Alijiambia mtu hupona, dawa zipo, kiangazi ni mbali. Ukweli ni kwamba mgeni akijua mzigo umeharibika hasafiri.

Diana alisafiri. Alikuja na bati kama alivyoahidi, na Wilfred nyuma yake, na walipomwona Mwavita amekaa kwenye kigoda kando ya chanja, Diana alimsalimia, akasubiri jibu, kisha akageuka kumtazama Chande. Chande angependelea matusi.

Akafanya anachokijua: akapatana.

"Bi Mkubwa, majibu umeyasikia maisha yako yote. Yaimbe wewe."

"Nimeyasikia. Sikupewa."

"Kuna tofauti gani? Maneno ni yale yale."

"Yeye si huyo hapo, anatusikia?" Bi Hidaya alisema, na mkono wake ukaenda begani kwa Mwavita, jambo ambalo Chande hakuwahi kuliona. "Nusu ya mwenzio unaiimba siku ya matanga yake, unaikabidhi kwa anayemrithi. Ndivyo mama mkwe alivyotuachia. Nikiiimba leo, nimemzika mtu aliyekaa anakunywa uji."

"Basi usiimbe. Sema tu, bila sauti ya wimbo."

"Hapana."

"Twende kwangu Kasingirima, asisikie."

"Mimi nitasikia."

"Mwambie bwana Wilfred peke yake habari za huyo kuhe. Neno moja."

"Chande." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila hasira. "Unanitazama hivyo kwa sababu unadhani kuna kitu nimekificha, nangoja upandishe. Hapa hamna turubai, mwanangu."

Chande akamgeukia Mwavita mwenyewe. "Mama, mpe ruhusa. Tikisa kichwa tu."

Mwavita alimwangalia, kisha akamwangalia mke mwenzake, machozi yakamtoka upande mmoja wa uso. Hakutikisa kichwa. Huenda alikataa, huenda hakuweza. Bi Hidaya alisimama katikati yao, akamfuta kwa ncha ya kanga.

"Mwacheni," alisema Diana, na akaanza kukunja nyaya zake.

Siku ile jioni Chande alimwambia Diana asikate tamaa, asubiri. Alipiga hesabu kama apigavyo hesabu ya mali: mmoja mgonjwa, mwingine mzima kama jiwe. Atakayetangulia anajulikana. Diana alimuuliza kama anasikia anachokisema. Chande alisema anasikia. Ndivyo mambo yalivyo.

Lakini hesabu ilikwenda kombo. Bi Hidaya ndiye aliyetangulia, kwa homa iliyoanza kama mafua, hata kabla kutu haijaanza kuligusa bati jipya. Msibani watu walikaa chini ya bati lile lile. Mwavita alikaa mbele ya wote. Kwa desturi, siku ile yeye ndiye aliyepaswa kuyaimba maswali ya mwenzake na kuyakabidhi. Wanawake wakamngoja kidogo, kwa heshima, kisha wakaendelea na dua.

Diana, alipopata habari, alituma ile sauti ya maswali aliyoirekodi kwenye simu ya Chande. Aliandika kwamba ni haki ya familia. Hakuandika lingine. Hakurudi tena, wala Wilfred, na kazi yao ya Ujiji imebaki na nusu ya wimbo.

Chande alikaa na sauti ile siku nyingi kabla hajaipeleka. Alimkuta Mwavita kwenye kigoda chake, chanja liko tupu, mwezi ulikuwa mkubwa na mitumbwi haikutoka. Akaiweka simu juu ya wavu.

Sauti ya Bi Hidaya ikamuuliza kuhe anakowalaza watoto, kisha ikanyamaza. Ndipo mkono wa kushoto wa Mwavita ulipoanza kugonga mti wa chanja, taratibu, kwa mapigo ya wimbo, ukaendelea, ukaendelea, ukatua. Hapo hapo simu ikauliza swali la pili. Jibu la mgebuka lilikuwa fupi. Jibu la lile la tatu lilikwenda mbali, likakata kona, likarudi. Hakukosea hata mara moja. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

Ilipokwisha alimwonyesha simu kwa kidevu. Chande akairudia.

Watu humuuliza Chande kama bado anawafunika dagaa kwa turubai. Anawafunika, kwa nini asiwafunike? Dagaa mwezi ukififia watakuja wengine. Familia ilipata bati, nalo ni bati zuri, halivuji. Nyumba ya Kasingirima ina wapangaji, watu wa kawaida, hawaulizi kitu. Yeye mwenyewe amepata jambo ambalo hajapata wa kumuuzia: anajua urefu wa kila jibu, hata lile la kuhe, na hana hata neno moja la kuweka ndani yake.