Udongo Ulioanikwa Kwenye Bati

Annonciata, jirani yangu hapa Kabungu, hufagia uwanja wake hadi kuku wanaona aibu kupita. Usafi wake umenichosha miaka mingi. Lakini kikundi chetu cha wakulima kilipotaka kupima udongo, mimi ndiye niliyemtaja achukue na kuandaa sampuli.

Misimu miwili mahindi yetu yalitoa michirizi myeupe kwenye majani machanga. Bwana shamba, Stanslaus, alihisi udongo umepungukiwa na zinki. Majibu ya maabara ndiyo yangetuambia tuagize mbolea ipi, na gari la mbolea lilikuwa linakuja mara moja tu kabla ya mvua, Jumatano.

Jumatatu tukakutana. Stanslaus akasoma majibu, akakunja uso.

"Zinki ipo tele. Hata mimi nashangaa."

"Basi mbovu ni mbegu," akasema Luhende, mwenyekiti. "Tuagize mbolea ya kawaida. Sainini."

Karatasi ya oda ikaanza kuzunguka. Stanslaus, macho bado kwenye majibu, akamuuliza Annonciata:

"Mama, udongo uliuanika wapi?"

"Kwenye bati, jipya kabisa. Nikausaga hapohapo kwa jiwe, ukawa laini kama unga."

Alisema kwa fahari. Nani kati yetu haaniki mihogo kwenye bati?

"Bati linapakwa zinki," Stanslaus akasema polepole. "Tumepima bati, Mama. Shamba hatujalipima."

Sahihi zilikuwa zimefika ishirini na mbili. Annonciata akasimama. Méthode, mumewe, alimvuta kitenge ili akae. Hakukaa. Aliinyakua ile karatasi, akaichana.

"Nimekosea mimi," akasema. "Nitachimba upya, nianike kwenye nailoni. Msipande kwa majibu ya uongo."

"Na gari?" Luhende alifoka. "Nyie mnamwona huyu? Ametuulia msimu!"

Hakuna aliyemtetea. Hata mimi nilinyamaza, na naona haya kuandika hivyo.

Jumatano gari likapita bila mzigo wetu. Wiki mbili watu hawakumsalimia. Majibu mapya yalikuja mahindi yameshachomoza: zinki karibu haipo. Luhende mwenyewe alimpelekea karatasi ya majibu, akasimama mlangoni.

Annonciata aliisoma akilia. Kisha akauliza kama zinki ya kupulizia majani inapatikana Mpanda mjini.

"Inapatikana," Luhende akajibu. "Panda pikipiki yangu, Mama. Twende wote."