Kisanduku Nilichokiacha Wazi

Kwenye fomu ya kuomba mkopo wa chuo kikuu kuna kisanduku kimoja kidogo ambacho mpaka leo nikikifikia, mkono unasita. Kinauliza kama kaya yenu imo kwenye orodha ya kaya maskini, na kama imo, namba yake ni ipi. Siku hizi nafanya kazi kwenye steshenari mjini Kasulu, nikiwajazia watoto wa watu hiyo hiyo fomu, kwa hiyo nakutana nacho kila msimu wa maombi. Mwaka wangu mimi nilikiacha wazi.

Kilibaki wazi kwa sababu ya baba. Nilipokuwa kidato cha pili, maofisa walikuja kijijini kwetu huko Kumsenga wakasoma mbele ya mkutano majina ya kaya maskini za kupewa ruzuku ya serikali, ili wanakijiji wenyewe wathibitishe. La baba lilikuwa la nne. Alisimama na koti lake la kanisani akasema lifutwe. Baba aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa bibi, wakikimbia vita Burundi, akakulia kambini akipanga foleni ya unga na kadi inayotobolewa kila siku ya mgao. Siku aliyopata uraia aliapa kwamba foleni ya chakula hatapanga tena.

"Mimi ni Mtanzania," aliuambia mkutano. "Nina jembe na mikono miwili. Mwandikeni mwingine."

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha, na wiki nzima nilitembea kijijini nimevimba kichwa.

Na maskini tulikuwa, tusidanganyane. Tulikuwa na muhogo, maharage, mbuzi watatu, na mabati ambayo mama aliyanunua moja moja kwa kuuza mawese. Kwa hiyo nilipopata daraja la kwanza kidato cha sita, furaha ilidumu siku mbili tu. Bila mkopo, chuo kikuu kwangu kilikuwa ni cha kusikia redioni.

Pale Kibondo mjini, dada aliyekuwa akinijazia fomu aliniuliza namba ya kaya. Nikamwambia hatuna. Alizitazama ndala zangu, akauliza imekuwaje. Kwa alivyoelewa yeye, mwenye namba hahitaji maelezo mengi. Asiye nayo anajieleza na kuomba Mungu. Akaniambia niende nyumbani nikajaribu kuitafuta kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Nilirudi na hasira zangu zote. Nilimwambia baba kwamba jeuri yake ndiyo itakayoninyima chuo. Kwetu hakuna anayemwambia baba maneno kama hayo, na nilishangaa hakuninyanyulia mkono. Aliuliza tu fomu inafungwa lini.

Bahati ikawa kwamba wiki iliyofuata orodha ilikuwa inahakikiwa upya. Baba alivaa koti lile lile, akasimama, akaomba aandikwe. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuuliza mkutano, kama ilivyo desturi. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akasema bila chuki yoyote kwamba huyu mzee alitueleza mwenyewe kuwa si maskini, tena ana nyumba ya bati, na wapo wajane wanaovujiwa na nyasi. Vichwa vikaitikia. Hakusema uongo hata neno moja.

Hapo baba akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile kadi ya kambini. Nilidhani aliichoma zamani. Kumbe alikuwa ameihifadhi miaka yote, imekunjwa ndani ya jalada la Biblia. Akaiinua juu.

"Umaskini wangu huu hapa," alisema. "Hesabuni matundu."

Mwenyekiti aliipokea, akaigeuza, akamrudishia kwa mikono miwili. Akasema kwa upole kwamba kadi inaonyesha mzee aliwahi kuwa mkimbizi, haionyeshi kwamba leo ni maskini. Nyuma yangu kijana niliyesoma naye shule ya msingi akamuuliza mwenzake, kumbe huyu mzee ni mkimbizi? Wakacheka. Neno hilo lilikuwa halijatajwa juu yetu kwa miaka mingi.

Ningeweza kusimama. Nilikuwa na elimu ya kidato cha sita na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha baba. Nilibaki nimekaa, nikiangalia ndala zangu, naona aibu. Hilo sijajisamehe, na baba hajawahi kunikumbusha.

Njiani kurudi alinipa ile kadi. "Kaa nayo, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Labda wale wa kwenye kompyuta wataielewa."

Nikaipokea. Sikumwambia kwamba fomu haina mahali pa kuiweka.

Majina ya waliopata mkopo yalitoka awamu ya kwanza, ya pili na ya tatu, langu halikuwemo. Nafasi yangu ya chuo akapewa mwingine, nami nikaja Kasulu kutafuta kazi. Kadi ipo kwenye droo hapa steshenari, chini ya karatasi. Baba akinipigia simu, baada ya salamu na habari za mbuzi, huuliza kama wameshajibu kuhusu kadi. Namwambia bado.